Gari linamisi: tafuta silinda yenye ugonjwa kabla ya kununua spea

Katika vijiji vingi, gari dogo la petroli lililonunuliwa likiwa limeshatumika ndilo basi, ndilo lori na ndilo gari la wagonjwa. Asubuhi linapeleka nyanya mnadani, jioni linarudi na mifuko ya saruji, na usiku mwenye gari akigongewa mlango linampeleka mama mjamzito kituo cha afya. Gari hilo likianza kukohoa, kutetemeka na kukosa nguvu mlimani, shida si ya mwenye gari peke yake.

Hali hiyo mafundi huiita "kumisi". Watu wengi huikabili kwa kununua. Leo wananunua koili, kesho pampu ya mafuta, keshokutwa sensa, na mwisho wa mwezi gari bado linatetemeka na fedha za ada ya shule zimekwisha. Mara nyingi chanzo kilikuwa plagi moja iliyochoka au mpira wa hewa uliopasuka.

Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta chanzo kwa utaratibu, kwa kutumia macho, masikio na vifaa vichache. Hata kama hutashika spana wewe mwenyewe, utajua umwambie nini fundi na utajua akikueleza jambo lisiloingia akilini.

Kumisi ni nini?

Magari mengi madogo yaliyotumika yanayotoka Japani, kama Toyota Corolla na Toyota Probox, yana injini ya silinda nne. Kila silinda ina pistoni inayopanda na kushuka. Mchanganyiko wa hewa na petroli huingia ndani, hubanwa, kisha plagi hupiga cheche na mchanganyiko huwaka. Nguvu ya moto huo ndiyo inayosukuma pistoni na mwishowe kuzungusha magurudumu.

Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kwa sekunde moja. Silinda moja ikikosa kuwaka, gari hupoteza karibu robo ya nguvu, na zile tatu zinazobaki huzungusha injini kwa mwendo usio sawa. Huo ndio mtetemeko unaousikia kwenye usukani na kwenye kiti.

Ili silinda iwake inahitaji mambo manne: cheche ya kutosha kwa wakati wake, petroli safi ya kutosha, hewa ya kutosha, na mbano mzuri, ambao mafundi huuita kompresheni. Gari likimisi, moja kati ya hayo manne limepungua. Kazi yote ya kutafuta ugonjwa ni kujua ni lipi, na katika silinda ipi.

Maelezo haya yanahusu injini za petroli. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, na ikimisi huanza kuchunguzwa kwenye hewa iliyoingia katika mabomba ya mafuta, maji ndani ya dizeli, filta na nozeli.

Anza kwa kuuliza: linamisi wakati gani?

Kabla ya kufungua boneti, tazama ni wakati gani tatizo linatokea. Jibu la swali hilo hupunguza safari ndefu ya kubahatisha.

Linamisi asubuhi tu, kisha linapona likipata moto: fikiria unyevu kwenye waya za plagi, plagi zilizochoka, au sensa ya joto la injini. Kama pia maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovuja, huenda yanapenya ndani ya silinda usiku.

Linaanza vizuri, kisha linamisi likishapata joto: mshukiwa wa kwanza ni koili. Koili nyingi zinazokufa hufanya kazi zikiwa baridi na hushindwa zikipata moto.

Linamisi likipanda mlima au likiwa na mzigo: huenda petroli haifiki ya kutosha kwa sababu ya filta chafu au pampu dhaifu. Huenda pia cheche ni dhaifu, maana injini ikibeba mzigo mbano ndani ya silinda huongezeka na cheche hupata kazi ngumu zaidi ya kuruka.

Linatetemeka gari likiwa limesimama, lakini likikimbia linatulia: tafuta mpira wa hewa uliopasuka, au uchafu mahali hewa inapoingilia injini.

Limeanza baada ya mvua, kuvuka maji au kuosha injini: maji yameingia kwenye distributa, kwenye waya au kwenye matundu ya plagi.

Limeanza baada ya kujaza mafuta: shuku mafuta yenyewe.

Linamisi tangi likikaribia kwisha: uchafu ulio chini ya tangi unavutwa, au pampu imechoka. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka, kwa hiyo tabia ya kuendesha daima na mafuta kidogo huifupishia maisha.

Kisha sikiliza nyuma ya gari. Weka kiganja mbali kidogo na mdomo wa bomba la moshi, bila kuligusa. Kama pumzi inakatika kwa mpigo unaojirudia, kama mtu anayechechemea, yawezekana ni silinda moja iliyokufa. Kama inakatika ovyo bila mpangilio, shida inaelekea kuwa ya silinda zote, yaani mafuta, hewa au umeme mkuu.

Usalama kwanza

Fanya kazi hii nje, mahali penye hewa. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuua mtu katika banda lililofungwa. Weka gari kwenye ardhi tambarare, vuta breki ya mkono na weka mawe kwenye magurudumu. Usivute sigara wala kutumia kibatari au taa ya moto karibu. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Funga nguo zinazoning'inia na weka mikono mbali na mikanda na feni.

Umeme unaotoka kwenye koili kwenda kwenye plagi huzidi volti 10,000. Usishike waya wa plagi injini inapozunguka. Kila unapotaka kuchomoa kitu, zima injini kwanza.

Ukaguzi wa macho, usiogharimu chochote

Fungua boneti injini ikiwa imezimwa na imepoa. Tazama mipira midogo ya hewa inayounganishwa na injini. Mpira mkavu, uliopasuka au uliochomoka huingiza hewa ambayo kompyuta ya gari haikuihesabu, na petroli inakuwa kidogo kuliko hewa. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Uwiano huo ukivurugika sana, mchanganyiko hauwaki vizuri.

Toa filta ya hewa. Kwenye barabara za vumbi hujaa haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Ikung'ute, kisha iinue kuelekea jua. Kama mwanga haupiti, ni wakati wa kuibadilisha. Usiendeshe bila filta hata siku moja, kwa sababu vumbi hula kuta za silinda.

Kagua betri. Vichwa vyake vikiwa na unga mweupe au wa kijani, visafishe na uvikaze. Kagua pia waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini.

Kama gari lako ni la miaka ya 1990, lenye distributa na waya nne za plagi, tazama kama waya zina nyufa au zimelalia chuma cha moto. Usiku, mahali penye giza, injini ikizunguka, tazama kwa mbali bila kugusa. Ukiona vicheche vya bluu vikiruka kutoka kwenye waya au kwenye kifuniko cha distributa, umempata mwizi. Ukichomoa waya hizo, zitie alama kwanza, maana zikibadilishana nafasi gari litamisi zaidi au halitawaka kabisa. Katika injini nyingi za silinda nne mfuatano wa kuwaka ni 1, 3, 4, 2. Kwa Corolla na Probox, silinda namba 1 ni ile iliyo upande wa mikanda.

Tafuta silinda isiyofanya kazi

Hii ndiyo hatua inayookoa fedha, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Kwenye gari lenye koili nne, moja juu ya kila plagi, kama Probox, kila koili ina soketi ndogo ya waya. Zima injini, chomoa soketi ya koili ya kwanza, kisha washa na usikilize. Kama injini imetetemeka zaidi kuliko mwanzo, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Zima, rudisha soketi, nenda kwenye koili ya pili, ya tatu na ya nne. Ukichomoa moja na injini isibadilike hata kidogo, hiyo ndiyo silinda iliyokuwa imelala.

Usiiache injini izunguke hivyo zaidi ya nusu dakika kila mara, kwa sababu petroli isiyowaka inatoka mbichi kwenda kwenye bomba la moshi. Fundi mwenye nafasi ya kuzifikia anaweza kuchomoa soketi za nozeli badala ya koili. Jibu ni lile lile, na petroli haiingii ndani. Usishtuke taa ya injini ikiwaka wakati wa kipimo hiki. Ni kwa sababu umechomoa soketi.

Kwenye gari la zamani lenye waya za plagi, ipo njia nyingine ya salama. Injini ikiwa imelala usiku kucha na ni baridi, iwashe kwa dakika moja, kisha zima. Dondoshea tone moja la maji kwenye kila tawi la bomba la moshi pale linapotoka kwenye injini, kama halijafunikwa na bati. Tawi la silinda inayowaka litakuwa limepata joto na tone litakauka upesi. Tawi la silinda iliyokufa litabaki baridi kuliko mengine.

Hamisha, usinunue

Tuseme umegundua kwamba silinda namba 2 ndiyo imelala. Bado hujui kama ni koili, plagi, nozeli au mbano. Usiende dukani. Injini yako ina vifaa vinne vinavyofanana. Vitumie kama vipimo.

Kwanza, badilishanisha koili ya silinda 2 na ya silinda 3. Rudia kipimo. Kama ugonjwa umehamia silinda 3, koili ndiyo mbovu. Nunua koili moja.

Pili, kama ugonjwa umebaki silinda 2, badilishanisha plagi. Kabla ya kufungua plagi, puliza vumbi na mchanga kwenye tundu lake ili visidondoke ndani ya silinda. Injini iwe baridi. Ukirudisha, anza kukaza kwa vidole hadi plagi ikae, ndipo utumie spana. Plagi ikiingia upande huharibu nyuzi za kichwa cha injini, ambacho ni cha alumini, na hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya plagi nyingi. Ugonjwa ukihama na plagi, badilisha plagi zote nne.

Tatu, kama bado ugonjwa uko silinda 2, sikiliza nozeli. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nozeli na mpini wake sikioni, injini ikizunguka. Nozeli nzima hutoa mlio wa haraka, tik-tik-tik. Iliyo kimya ama imekufa ama haipati umeme. Inayolia inaweza bado kuwa imeziba na kuhitaji kusafishwa.

Nne, kama cheche ipo na petroli ipo, na silinda bado imelala, kilichobaki ni mbano. Hapo ndipo mwenye kipimo cha kompresheni anahitajika.

Gari la distributa hufuata utaratibu huo huo, isipokuwa koili moja hulisha silinda zote. Kwa hiyo silinda moja ikilala, anza na waya wake na plagi yake. Zikimisi zote, tazama koili, kifuniko cha distributa na rota yake.

Plagi inasema nini?

Plagi ikitolewa hueleza yanayotokea ndani. Itazame kwenye mwanga wa jua.

Rangi ya kahawia nyepesi au kijivu: silinda ina afya.

Masizi meusi makavu: petroli ni nyingi kuliko hewa, au cheche ni dhaifu. Kagua filta ya hewa kwanza.

Imelowa petroli: cheche haipigi.

Imelowa oili ncha yake: oili inapenya ndani ya silinda kupitia ringi za pistoni au mipira ya vali. Lakini kama oili iko juu, kwenye nyuzi za nje na kwenye mpira wa koili, inavuja kutoka kwenye gasketi ya tapeti kava na kujaa kwenye tundu la plagi. Hiyo ni kazi ndogo, na isipofanywa oili itaua koili mpya utakayoweka.

Nyeupe sana, yenye malengelenge: silinda inachemka kupita kiasi, petroli ni kidogo, au plagi si ya aina yake.

Imeoshwa safi kama mpya wakati zingine tatu zina rangi: huenda maji ya rejeta yanaingia humo.

Plagi za kawaida kwa wastani hubadilishwa kila kilomita 20,000 hivi, na zile za iridiamu hufika karibu 100,000. Soma namba iliyoandikwa kwenye plagi na ununue inayolingana nayo, lakini hakikisha kwanza kwamba mwenye gari wa zamani hakuweka isiyofaa. Plagi bandia ni nyingi sokoni. Nunua kwa muuzaji atakayekubali kuandika risiti.

Kama silinda zote zinamisi: mafuta na hewa

Hapa usihangaike na koili nne. Kitu kimoja kinacholisha silinda zote ndicho kimepungua.

Petroli inayouzwa kwenye madumu kando ya barabara inaweza kuwa na maji, mchanga au mafuta ya taa. Uchakachuaji wa mafuta ni tatizo la muda mrefu. Nchini Tanzania, EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuyatambua yaliyochanganywa. Nchini Kenya, mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na mafuta mengine.

Nyumbani unaweza kufanya vipimo viwili. Jaza petroli kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie saa moja mahali penye kivuli, mbali na moto. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini kama tabaka au matone. Kisha dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama kubwa. Iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la grisi linalochelewa kukauka. Ukikuta maji, tangi lishushwe na kusafishwa.

Gari likimisi baada ya mwendo mrefu, simama na ufungue mfuniko wa tangi. Kama hewa inavutwa ndani kwa sauti, kisha gari linakwenda vizuri kwa muda, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Watu wamebadilisha pampu kwa sababu ya tundu hilo.

Filta ya mafuta iliyoziba huonyesha dalili ile ile ya kukosa nguvu mlimani. Ibadilishwe kabla ya pampu kulaumiwa. Pampu yenyewe ipimwe kwa kipimo cha presha. Kuilaumu kwa kuisikiliza tu hakutoshi.

Kwa upande wa hewa, lango la kuingizia hewa kwenye injini hujenga utando mweusi. Husafishwa kwa dawa yake maalumu na kitambaa. Sensa ya hewa nayo ina waya nyembamba kama unywele. Haiguswi kwa kidole wala kwa brashi.

Mbano ukiwa mdogo

Kipimo cha kompresheni hufungwa mahali pa plagi. Injini iwe na moto, plagi zote zitolewe, petroli na cheche zizuiwe, na pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini wakati stata inazungusha. Injini nyingi nzima hutoa kati ya paundi 150 na 200, lakini jambo kubwa zaidi ni silinda zote nne kukaribiana. Moja ikiwa chini sana, hiyo ndiyo mgonjwa.

Fundi akiweka kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu na kupima tena, kipimo kikipanda, ringi zimechakaa. Kisipopanda, tatizo liko kwenye vali au gasketi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yao. Dalili nyingine za gasketi ni oili yenye rangi ya maziwa, moshi mweupe usiokoma injini ikiwa na moto, na maji ya rejeta yanayotoa mapovu.

Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, omba kuonyeshwa namba za silinda zote nne. Kazi hiyo ni ghali, na haifai kuanzishwa kwa kukisia.

Taa ya injini na mashine ya kompyuta

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari husaidia. Alama P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, P0303 ya tatu na P0304 ya nne. P0300 ni kumisi kunakohamahama. P0171 inaonyesha petroli kidogo au hewa nyingi. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomwi na mashine ndogo za bei nafuu, kwa hiyo mashine ikikataa si lazima kompyuta ya gari iwe imekufa.

Kumbuka pia kwamba mashine hutaja mahali penye shida, haitaji kifaa cha kununua. P0302 haisemi "nunua koili". Inasema "nenda ukachunguze silinda ya pili".

Wakati wa kusimamisha gari

Lisimamishe gari mara moja ukiona taa ya injini ikiwaka na kuzima mfululizo, sindano ya joto ikipanda, harufu kali ya petroli, au mlio wa chuma kugonga chuma.

Petroli isiyowaka huenda kuwaka ndani ya kichujio cha moshi, ambacho mafundi wengi hukiita masega. Masega hayo hupata joto kali, huyeyuka na kuziba, kisha gari hukosa nguvu hata baada ya plagi kubadilishwa. Bomba hilo la moto linaweza pia kuwasha majani makavu, hivyo usiegeshe gari linalomisi juu ya nyasi za kiangazi. Petroli mbichi pia huosha oili kwenye kuta za silinda na kuharakisha kuchakaa kwa ringi.

Kuna hatari nyingine iliyo wazi zaidi. Gari linalokata moto ovyo halifai kulipita lori, kuvuka reli wala kubeba mgonjwa usiku. Kama hilo ndilo gari linalotegemewa kijijini, wajulishe majirani mapema kwamba liko matibabuni, ili watafute usafiri mwingine kabla haujahitajika.

Unapofika kwa fundi

Mweleze mambo matatu: linamisi wakati gani, limeanza baada ya tukio gani, na silinda ipi uliyoikuta imelala. Muulize atahakikishaje kwamba kifaa anachotaka kununua ndicho kibovu. Fundi mzuri hachukizwi na swali hilo. Patana bei ya kuchunguza kando na bei ya kutengeneza, na omba kurudishiwa kifaa kilichotolewa. Baada ya kazi, liendesheni pamoja kwenye mlima ule ule uliokuwa ukilishinda, injini ikiwa na moto wa kutosha.

Andika kwenye daftari au kwenye simu tarehe, kilomita zilizosomeka na kifaa kilichobadilishwa. Siku gari litakapomisi tena, utajua plagi zina umri gani, na hutazilipia mara mbili.